Kwotabeki akifika mstarini anabadilisha nini hasa, na wenzake kumi wanajuaje?

mgeni_wa_yadi aliuliza:

Wakuu, habari za humu ndani. Naomba msaada wa wanaoijua futiboli ya Kimarekani kwa undani.

Ukiangalia mechi za NFL, ile ligi kuu ya Marekani, timu inatoka kwenye mduara wa kupeana mpango, kila mtu anajipanga mahali pake, halafu kwotabeki, yule kiongozi wa ushambuliaji anayerusha mpira, anaanza kazi ambayo siielewi. Ananyooshea kidole mtu wa upande wa pili, anapaza maneno mawili matatu kulia na kushoto, anamgeukia mkimbiaji aliye ubavuni kwake, ananyanyua mguu, ndipo mpira unatoka. Mtangazaji anasema "amebadilisha mpango" na habari inaishia hapo.

Ninachotaka kujua ni hiki. Anaona nini mpaka aamue kubadilisha? Anabuni mpango mpya palepale au anachagua katika vilivyokwisha pangwa? Mpokeaji aliyesimama kule ukingoni anasikiaje wakati uwanja mzima unapiga kelele? Na kama anasikia, ulinzi nao si unasikia?

Nauliza pia kwa ajili ya wanaocheza ile ya bendera, ya kuchomoa bendera ya kiunoni badala ya kuangushana, ambayo itaingia kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028. Kuna kitu katika haya kinachofaa kuhamishiwa huko?

---

kocha_pwani alijibu:

Karibu, ndugu. Anza na saa, maana saa ndiyo inayoamua mengine yote.

Mpango mmoja, yaani shambulio moja, ukiisha, saa ya sekunde 40 inaanza kurudi nyuma. Kama mchezo ulisimamishwa, kwa mfano baada ya adhabu au mapumziko yaliyoombwa, inakuwa sekunde 25. Ndani ya muda huo kocha achague mpango, auseme kwenye redio iliyo ndani ya helmeti ya kwotabeki, kwotabeki aurudie kwa wenzake, watembee mpaka mstarini na kujipanga. Redio hiyo hukatwa saa ikifika sekunde 15, au mpira ukitoka kabla ya hapo. Kuanzia hapo hakuna kocha anayemnong'oneza. Timu iliyofika mstarini saa ikisoma 15 au zaidi ina nafasi ya kutazama, kusema na kuhakikisha wote wamesikia. Iliyofika saa ikisoma 8 icheze ilichopewa, hata kama ulinzi umekaa vibaya kwake. Ukiona timu haibadilishi kitu mechi nzima, kabla ya kumlaumu kwotabeki tazama wanavunja mduara saa ikiwa ngapi.

Redio yenyewe ina historia. Timu ya Cleveland Browns waliijaribu mwaka 1956, ligi ikaipiga marufuku mwaka huohuo, ikaruhusiwa tena 1994. Zamani makwotabeki wengi walichagua mipango wenyewe. Siku hizi kocha huchagua, na kwotabeki amebakiwa na hizo sekunde 15.

Sasa macho. Yanaanza nyuma kabisa ya ulinzi na kuja mbele.

Kule nyuma kuna masefti, walinzi wa mwisho kabisa. Wakiwa wawili, kila mmoja yadi 12 hivi kutoka mstarini, wamegawana uwanja, huo ni ulinzi wa familia ya Kava 2 au Kava 4 (Kava ni jina la namna ya kulinda dhidi ya mpira wa kurushwa). Akibaki mmoja katikati na mwenzake ameshuka, tegemea Kava 1, yaani mtu kwa mtu na sefti mmoja wa akiba, au Kava 3, yaani uwanja wa nyuma umegawanywa mafungu matatu. Wasipokuwepo wote wawili, hiyo ni Kava 0, na uvamizi unakuja, yaani walinzi wengi watamkimbilia kwotabeki.

Kisha anahesabu boksi. Boksi ni eneo linaloanzia mwisho mmoja wa safu ya mbele hadi mwisho wa pili, kina chake yadi 5 hivi. Ushambuliaji wenye watu 5 wa safu ya mbele na taitiendi 1, yule wa mwisho wa safu anayezuia na pia kupokea, una wazuiaji 6. Ulinzi una watu 11. Toa kona 2, wanaowalinda wapokeaji wa pembeni, toa mlinzi wa ziada aliyemfuata mpokeaji wa tatu, toa masefti 2, wanabaki 6. Sita kwa sita, kila mlinzi ana mtu wa kumzuia, kwa hiyo kimbia. Sefti mmoja akishuka wanakuwa 7 kwa 6, na yule wa saba ndiye atakayemkamata mkimbiaji bila kuguswa na mtu. Wakiwa 8, huko nyuma wamebaki 3 tu, na wapokeaji wa pembeni kila mmoja yuko peke yake na kona wake. Hapo kukimbia ni kupoteza bure jaribio, yaani moja ya nafasi nne za kusogeza mpira yadi 10.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kubadilisha, na ndiyo ya kawaida kuliko zote. Wala habuni. Kwenye mduara anakuwa ametaja mipango miwili kwa pamoja, mara nyingi mmoja wa kukimbia na mmoja wa kurusha, na katikati yake neno la kukata. Kule kwao timu nyingi hutumia "Kill" au "Can". Wote kumi wanafika mstarini wakiwa na mipango yote miwili kichwani. Akiona boksi lina watu sita ananyamaza, na mpango wa kwanza unakwenda. Akiona nane anapaza neno la kukata mara mbili kila upande: la kwanza limetupwa, shika la pili. Ndiyo maana neno moja linatosha kuwahamisha watu kumi.

Sababu ya pili ni upande. Mpango unabaki uleule lakini unageuzwa. Hesabu kuanzia kwa senta, yule wa katikati ya safu anayetoa mpira: kulia una wazuiaji 3, walinzi ni 4, kushoto una 3, walinzi ni 3. Mlikuwa mkimbilie kulia, basi anasema neno la kugeuza na wote wanacheza kioo chake. Ni badiliko dogo lakini linaokoa yadi nyingi kuliko yale ya mbwembwe yanayoonyeshwa kwenye televisheni.

---

safu_ya_mbele alijibu:

Kocha amefafanua vizuri upande wa kukimbia. Mimi niongeze kile kidole ulichouliza, kwa sababu wengi hudhani kinaonyesha mpango mpya. Mara nyingi mpango haujabadilika hata kidogo. Kinachobadilika ni nani anamzuia nani.

Unaposikia "54 ndiye Maiki", maana yake ni kwamba mchezaji mwenye namba 54 ametangazwa kuwa nguzo ya hesabu. Maiki kwa jina la kitabuni ni lainibeka wa katikati, yaani mlinzi anayesimama nyuma tu ya walinzi wa mstari wa mbele, lakini kwa kwotabeki si lazima awe yeye. Ni yule ambaye safu ya mbele itamhesabu kuwa wao. Chukua kinga ya kawaida ya watu sita: safu ya mbele 5 na mkimbiaji 1. Mbele yao kuna walinzi wakubwa 4. Wale 5 wanawachukua hao 4 pamoja na Maiki. Mkimbiaji anawatazama malainibeka waliobaki, na wa kwanza kuvamia ni wake. Ukimhamisha Maiki mtu mmoja kulia, safu nzima inateleza kuelekea huko, na mkimbiaji anahamia kushoto. Mpango wa kurusha ni uleule, njia za wapokeaji ni zilezile, lakini jengo lote la kinga limegeuka.

Katika timu nyingi senta ndiye anayetangaza Maiki kwanza. Kwotabeki ana haki ya kumpinga, na akisema namba nyingine, ya kwotabeki ndiyo inayofuatwa. Watazame baada ya hapo: senta anaipokea, magadi wawili walio kando yake wanaipokea kutoka kwake, wa mwisho wa safu wanaipokea kutoka kwa magadi. Ikikatikia njiani, watu wawili watamfuata mlinzi mmoja na mlinzi mwingine atapita katikati yao kama mlango uko wazi. Kosa hili mashabiki humtupia yule aliyepitwa, kumbe pengine ndiye aliyefanya alichoambiwa na jirani yake ndiye hakusikia.

Sasa hesabu ya hatari. Una wazuiaji 6. Ukiona dalili za wavamizi 7, mmoja hana wa kumzuia hata mfanyeje, na huyo ni wa kwotabeki mwenyewe. Kuna njia mbili tu. Ama aongeze mzuiaji, yaani amwambie taitiendi abaki ndani badala ya kukimbia njia yake, ama aache wawe sita na kumpa mpokeaji njia ya dharura. Njia ya dharura ni fupi: mpokeaji anapiga hatua tatu hivi, anakata mshazari kuingia ndani, na mpira unamfikia kabla ya mvamizi kufika. Mahali pa kuutupa ni pale mvamizi alipotoka, kwa sababu ameacha pengo nyuma yake. Kwotabeki hapo hana ruhusa ya kushika mpira zaidi ya sekunde mbili hivi.

Dharura hii huwasilishwa kwa ishara ndogo kama kugusa helmeti au kuvuta jezi, na timu nyingine hazina ishara kabisa: mpokeaji na kwotabeki wote wanamtazama mlinzi mmoja, akija tu njia inabadilika yenyewe. Huo mtindo wa pili ni mzuri na ni wa hatari. Mmoja akiona uvamizi na mwenzake asiuone, mpira unarushwa mahali ambapo hakuna mtu, au mbaya zaidi, mahali alipo kona peke yake. Mipira mingi iliyonaswa ambayo inaonekana ni ya kijinga ilizaliwa hapo.

---

mgeni_wa_yadi aliandika:

Asanteni sana, nimeanza kuona mwanga. Bado mawili yananisumbua. Ulinzi unasikia neno la kukata, kwa nini wasilijue kufikia robo ya pili? Na pili, yule kwotabeki wa zamani Peyton Manning na "Omaha" aliyokuwa akiipaza mstarini, ile ilikuwa na maana gani?

---

kocha_pwani alijibu:

Wanalisikia, na hata wakijua kwamba mpango umebadilika hawajui umekuwa upi, kwa sababu mpango wa pili ulitajwa kwenye mduara. Kikwazo ni timu isiyotumia mduara, ile inayopanga kila kitu mstarini. Buffalo Bills wa kwotabeki Jim Kelly walicheza hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kufika Super Bowl, fainali ya ligi, mara nne mfululizo, ingawa zote walipoteza. Timu ya namna hiyo lazima ifiche maneno yake.

Njia ya zamani na bado nzuri ni rangi hai. Wiki hiyo mnakubaliana kwamba rangi hai ni, tuseme, buluu. Kwotabeki kila mara anapaza rangi na namba: "Nyekundu 80! Nyekundu 80!" Nyekundu imekufa, namba haina maana, mpango ni uleule wa mwanzo. Akisema "Buluu 80", basi 80 ndiyo mpango mpya. Kwa mlinzi zote mbili zinafanana. Rangi hubadilishwa kila wiki, na timu makini huibadilisha wakati wa mapumziko ya nusu mechi pia, kwa sababu siku hizi vipaza sauti vidogo vya televisheni vinanasa kila neno na wapinzani watakaa na rekodi wiki nzima.

Kosa la kawaida la wanaoanza: kutumia rangi hai tu pale mpango unapobadilika, na kunyamaza mipango mingine yote. Hapo umewaambia wapinzani kila kitu. Maneno yaliyokufa yapazwe mara nyingi kuliko yaliyo hai, kwa sauti ileile na kwa ishara zilezile za mkono.

Kuhusu Omaha, Januari 2014 katika mechi ya mtoano dhidi ya San Diego Chargers ilihesabiwa kwamba Manning alilitamka mara 44. Watu walitafuta mpango unaoitwa Omaha. Alipoeleza baadaye ilijulikana kwamba halikuwa jina la mpango. Lilikuwa neno la kuamsha: tumemaliza kubadilisha, saa inakwisha, mpira unatoka sasa. Yaani lilihusu muda wa kutoa mpira, jambo ambalo watu wengi hulisahau wanapozungumzia mabadiliko. Ukibadilisha mpango lazima pia ujue hesabu mpya ya kutoa mpira ni ipi, kwa sababu ile mliyokubaliana kwenye mduara imekwisha kuvurugwa na maneno yote uliyopaza. Kanuni rahisi: badiliko lolote likitokea, mpira unatoka kwenye neno moja maalumu la kudumu, lisilojadiliwa tena.

---

sefti_wa_kati alijibu:

Naomba niwe upande wa ulinzi kidogo, maana mkisoma majibu ya juu mtadhani walinzi wanasimama pale kama nguzo za umeme wakisubiri kuhesabiwa.

Kocha, hapo uliposema masefti wasipokuwepo basi uvamizi unakuja, ningesema uvamizi unaonyeshwa. Walinzi wengi sasa wanasimama Kava 0, watu saba wamejazana mstarini, halafu sekunde ya mwisho watatu wanarudi nyuma na wanaovamia ni wanne tu. Kwotabeki amekwisha badilisha kwenda mkato mfupi wa dharura, na yule lainibeka aliyerudi nyuma amesimama palepale kwenye njia ya mpira. Masefti nao hukaa wawili mpaka saa ifike 4 au 3, ndipo mmoja anashuka. Lengo lao ni kumfanya kwotabeki aamue mapema, kisha wabadilike akiwa hana muda tena.

Kwotabeki mzuri ana njia tatu za kuwavua kofia.

Moja ni kumtembeza mpokeaji kutoka upande mmoja kwenda wa pili kabla mpira haujatoka. Kona akimfuata mpaka ng'ambo, ni mtu kwa mtu. Walinzi wakisogea hatua moja moja na kupokezana, ni ulinzi wa maeneo. Sheria ya NFL inaruhusu mtu mmoja tu awe anatembea mpira unapotoka, na asiwe anaelekea mbele. Wakihama wawili au zaidi, wote 11 lazima watulie sekunde moja kamili kabla ya mpira kutoka, la sivyo ni yadi 5. Kwa hiyo kila unapohamisha watu wengi, toa sekunde hiyo kwenye hesabu yako ya saa.

Ya pili ni hesabu ya uongo. Saa ikiwa 12 hivi anapaza hesabu nzima kama mpira unatoka, lakini hautoki. Wavamizi wasio na subira wanainama mbele au kunyanyua kisigino, sefti aliyejificha anapiga hatua kwenda anakotaka kwenda. Kwotabeki amekwisha kuona, ndipo sasa anabadilisha kweli. Angalia sana: hila iwe ya sauti tu. Akitikisa kichwa au kusukuma mikono ghafla kama anayepokea mpira, waamuzi wanampiga yadi 5 za kuanza kabla ya wakati.

Hila hiyohiyo ikimfanya mlinzi avuke mstari, senta hutoa mpira haraka kabla hajarudi. Mlinzi yuko nje ya haki lakini mchezo unaendelea, na ushambuliaji unapata jaribio la bure: ukinaswa mpira, chukua yadi 5 za adhabu na jaribio lirudiwe; ukifanikiwa, chukua matokeo. Aaron Rodgers akiwa Green Bay Packers alivuna sana hapo. Wapokeaji wote wakiona bendera ya mwamuzi wanaachana na njia zao na kukimbia moja kwa moja mbali, kwa sababu hakuna cha kupoteza. Ila mlinzi akimgusa mchezaji kabla ya mpira kutoka, au akiwa amepita bila kizuizi kumwelekea kwotabeki, filimbi inalia na bahati hiyo haipo.

Ya tatu ni kuwakimbiza: hakuna mduara, hakuna kubadilisha wachezaji, mpira unatoka saa ikiwa bado 25. Walinzi hawapati nafasi ya kujificha. Lakini hapo nawe umejinyima muda wa kubadilisha, kwa hiyo mipango ya kasi iwe ile inayofaa dhidi ya karibu ulinzi wowote.

---

kocha_pwani alijibu:

Sefti, umesahihisha vizuri, nakubali. Kava 0 inaonyesha uwezekano tu. Ndiyo maana makocha wengi humfundisha kwotabeki asibadilishe kwa kuona kitu kimoja. Angalau vitu viwili vikubaliane: sefti ameshuka na kona amesimama karibu akimtazama mpokeaji badala ya kumtazama kwotabeki. Kimoja peke yake ni chambo.

---

kelele_za_jukwaani alijibu:

Swali la kusikia halijajibiwa sawasawa, na ndilo lenye makosa mengi kuliko yote.

Nyumbani mashabiki hunyamaza timu yao ikiwa na mpira. Ugenini wanapiga kelele makusudi. Uwanja wa Arrowhead wa Kansas City Chiefs uliwahi kupimwa decibeli 142.2, Septemba 29, 2014. Katika sauti kama hiyo hata gadi aliye mita moja kutoka kwa kwotabeki hasikii. Kwa hiyo ugenini mabadiliko hufanywa kwa mikono: kila mpango unaoweza kuhitajika una ishara yake, na kwotabeki anaionyesha kila upande kwa zamu. Wengi hutembea mpaka nyuma ya kila gadi, wakainama na kumpigia kelele helmetini. Hilo linakula sekunde 4 au 5, basi ugenini kata nusu ya mabadiliko uliyoyaandaa. Beba mawili matatu tu.

Mpira nao hutoka kwa hesabu ya kimya. Kwotabeki akiwa yadi 5 nyuma ya senta, gadi mmoja hugeuza kichwa na kumtazama. Kwotabeki ananyanyua mguu au anafungua kiganja: niko tayari. Gadi anamgonga senta begani, senta anainua kichwa, anahesabu pumzi moja, anatoa mpira. Ule mguu uliouuliza, ndugu, kazi yake ni hiyo, ingawa wakati mwingine ni ishara kwa mpokeaji anayetembea.

Ubaya wake: wavamizi wa pembeni wanaujifunza mdundo. Senta akiinua kichwa na kuhesabu moja kila mara, kufikia robo ya tatu wanaondoka pamoja na mpira wakati wazuiaji wa mwisho wa safu, ambao wanautazama mpira kwa pembe ya jicho, wanachelewa nukta. Dawa ni kubadilisha idadi. Mfululizo huu, yaani zamu hii ya kushambulia, pumzi moja, unaofuata mbili, na mara moja moja kule kugonga begani kuwe kwa uongo.

Mfano wa kinachotokea mawasiliano yakikatika ni Super Bowl ya 48, Februari 2, 2014, East Rutherford, New Jersey. Denver Broncos, ushambuliaji bora wa msimu ule, mpango wao wa kwanza kabisa wa mechi. Manning yuko nyuma, anaanza kutembea kusogea mstarini ili aseme kitu na safu yake. Kelele ni kubwa. Senta anadhani ameisikia hesabu, anautoa mpira. Mpira unampita Manning kichwani, unaingia eneo la mwisho la Denver, na Knowshon Moreno anaulalia ili Seattle Seahawks wasiupate. Kwa kuwa mpira ulifia katika eneo la mwisho la Denver wenyewe, ni pointi 2 kwa Seattle, zikiwa zimepita sekunde 12 tu. Mechi ikaishia 43 kwa 8. Hakuna aliyekuwa mzembe pale. Kilichokosekana ni kanuni ya wazi kwamba kwotabeki akitembea kusogea mbele, senta anafunga masikio mpaka arudi mahali pake na kutoa ishara ya pili. Timu yoyote inayoruhusu kwotabeki atembee mstarini inapaswa kuizoesha hiyo mazoezini, tena kelele ikipigwa kwa spika.

---

safu_ya_mbele aliandika:

Hapo kwenye senta naongeza: kosa la pili kwa ukubwa ni nusu ya timu kusikia badiliko na nusu kutosikia. Upande wa kulia unacheza kukimbia, wa kushoto unacheza kurusha. Hili lina hatari ya sheria pia, kwani mpira ukirushwa kuvuka mstari wakati mtu wa safu ya mbele amekwenda zaidi ya yadi 1 mbele akidhani ni kukimbia, ni adhabu. Kwotabeki akiona mpokeaji mmoja hajatikisa kichwa wala kurudisha ishara, na saa bado iko 5, arudi kwenye mpango wa mwanzo au aombe mapumziko. Yapo 3 tu kwa kila nusu, lakini kupoteza moja ni nafuu kuliko kupoteza mpira. Saa ikimwishia ni yadi 5.

Na kabla mtu hajauliza: zile RPO (run-pass option, hiari ya kukimbia au kurusha) za siku hizi si badiliko la mstarini. Pale mpango ni mmoja wenye kukimbia na kurusha ndani yake, safu inazuia kama ya kukimbia, na kwotabeki anaamua mpira ukishatoka kwa kumtazama mlinzi mmoja. Zimepunguza haja ya kupiga kelele mstarini, lakini kinga dhidi ya uvamizi bado inapangwa kabla ya mpira kutoka.

---

mgeni_wa_yadi aliandika:

Nashukuru kwa moyo wote. Imebaki ile ya bendera. Watu watano, hakuna safu ya mbele ya kuzuia. Kuna kinachofaa?

---

sefti_wa_kati alijibu:

Kipo, tena kirahisi zaidi. Maiki na kinga vitupe, havina kazi kwa sababu kuzuia hakuruhusiwi. Mvamizi anaanzia yadi 7 kutoka mstarini, kwa hiyo unamwona alipo na unajua anatokea upande gani. Swali linabaki moja: mtu kwa mtu au maeneo? Mtembeze mpokeaji mmoja kabla ya kila mpango, upate jibu lako.

Andaa mipango mitano tu, kila mmoja uwe na kioo chake. Iandike kwenye karatasi ndogo ndani ya bendi ya mkononi, ya wachezaji wote watano, si ya kwotabeki peke yake. Kwenye mduara taja namba mbili, ya kwanza dhidi ya maeneo, ya pili dhidi ya mtu kwa mtu. Mstarini unahitaji maneno mawili: la kukata na la kugeuza. Dhidi ya mtu kwa mtu tumia wapokeaji wawili wanaopishana njia karibu karibu, ila wasiwagonge walinzi maana hiyo ni adhabu. Dhidi ya maeneo, mmoja akae mfupi na mwingine apite nyuma yake upande uleule, ili mlinzi mmoja awe na watu wawili.

Uwanja una upana wa yadi 25 tu, kwa hiyo kila mtu anasikia, wapinzani wakiwemo. Weka neno moja la uongo mnalolipaza angalau mara mbili katika kila mfululizo. Ukifika kwenye zile yadi 5 za mwisho ambako kukimbia hakuruhusiwi, hakikisha namba zote mbili ulizotaja ni za kurusha, kwa sababu mchezaji aliyechanganyikiwa pale atakimbia kwa mazoea na mtapewa adhabu.